Sungura na Nyimbo Mpya za Ukoko

Sogea, mwenzangu, hilo sufuria liache liungue lenyewe, nikupe ya wanyama na bendi yao.

Mwaka huo mvua iliwasusa. Si kwamba ilichelewa, ilisusa kabisa, kama mke aliyerudi kwao na vyombo vyake. Mito ikabaki njia za mchanga. Majani yalikauka mpaka ukiyatafuna unaona haya kwa kelele. Kilichobaki ni kisima kimoja kwenye mawe, na kisima kilikuwa cha Simba. Nani alimpa? Hakuna aliyempa. Alikwenda akalala kando yake, basi kikawa chake.

Simba akaweka utaratibu: kila asubuhi foleni, kila mnyama kibuyu kimoja. Wapiga muziki peke yao ndio hawakuwa na kibuyu, maana desturi ya huko tangu mababu ni kwamba mpiga muziki anaishi kwa kutunzwa. Wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda mbele unacheza, unamimina maji yako kidogo kwenye mtungi wa bendi, unarudi ulipokaa. Usipokugusa unakaa na maji yako. Mtungi ukipata maji, bendi inakunywa na inabaki kwenye kivuli cha jiwe kubwa pale kisimani. Mtungi ukilala mkavu, bendi inafungasha, na kile kivuli anapewa mwingine.

Bendi yenyewe iliitwa Ukoko. Walipewa jina hilo kwa sababu nyimbo zao zilikuwa kama wali ulioshika chini ya chungu, mgumu, umeungua kidogo, na ndio watu wanaougombania. Hazikuwa nyimbo za harusi wala za msiba. Zilikuwa za malishoni: ndama kapotea, pombe imekwisha, mchumba kavuka mto na hajaaga. Ila Ukoko walizipiga kwa fujo, mpaka unacheza wakati unasimuliwa balaa. Bi Kanga ndiye aliimba, mama wa vifaranga wengi, sauti yake kama mlango usiopakwa mafuta, lakini ukiusikia lazima ugeuke. Nungunungu alipiga gambusi kwa mwiba wake mwenyewe. Ukikatika anang'oa mwingine mgongoni, haombi kwa mtu. Na Mzee Kobe alipiga ngoma. Mwendo wa Kobe unaujua, lakini mikono yake ilikuwa haimsubiri.

Walikuwa wamezeeka, sikatai. Tembo alizicheza nyimbo zao akiwa bado ananyonya.

Sasa, desturi nyingine ya huko, na hii ndiyo yenye ugomvi, ni kwamba mwezi wa mavuno ukiandama bendi lazima ilete nyimbo mpya. Kupasha kiporo hairuhusiwi. Na wasikilizaji nao, Mungu awasamehe, ukiwapa za zamani wanasema bendi imeishiwa, ukiwapa mpya wanalilia zile za zamani. Ukoko walilijua hilo, wakawa wameshazoea. Kilichowatoa jasho mwaka huo kilikuwa kingine. Fisi alikuwa amekula ngoma.

Ngoma nzima, ngozi na kamba zake. Kobe aliamka akakuta pipa tupu na alama za meno. Fisi akaapa kuwa ni mchwa. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu hakuna mwingine katika nchi ile ambaye angeamka na njaa akatazama ngoma akaona chakula. Lakini Simba alikataa kusikiliza kesi. Alisema yeye ni mfalme, haketi kuhukumu mambo ya pipa.

Ambalo hawakulijua ni kwamba Fisi alitumwa. Sungura ndiye aliyemwambia kuwa ile ngozi ni ya nyati, na kwamba ina mafuta kwa ndani. Sungura hakupenda foleni tangu azaliwe. Alikuwa anakitaka kile kivuli cha jiwe, na alikuwa na filimbi yake ya bua la mpapai, anaipuliza kama mtu anayepoza uji, anajiita bendi. Akamwahidi Fisi kuwa Ukoko wakifukuzwa, wataingia wao wawili, na yeye Fisi atakuwa mshika mtungi. Fisi akauliza mtungi una nini cha kula. Akaambiwa atajua mbele ya safari.

Utauliza mbona hawakuwamba ngoma nyingine. Ngozi haiwambwi mpaka ilowekwe, na maji ya kulowekea ngozi nani alikuwa nayo mwaka ule? Kobe alijaribu kupiga gamba lake mwenyewe, lakini kila akijipiga kichwa kinaingia ndani, na kikiingia hasikii wimbo umefika wapi. Bi Kanga alimwambia, "Mzee, acha. Unanikatisha kama mtu anayegonga choo na mimi nimo."

Kwa hiyo wakakaa wakatunga nyimbo za polepole. Ilikuwa lazima, siyo busara. Gambusi moja, sauti ya Bi Kanga, na Kobe akimfuata kwa chini na sauti yake ya kisimani, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuimba. Na Bi Kanga alikuwa na hofu. Wakifukuzwa, mto wenye maji ulikuwa mbali sana kaskazini. Vifaranga wake wasingefika wote. Nungunungu pengine angefika. Kobe, wenyewe walicheka kwa uchungu, angefika mvua imeshanyesha na imeshakatika tena.

Habari zikaanza kuzagaa kuwa Ukoko wamebadilika, nyimbo mpya hazina ngoma. Basi kila mmoja akawa na sababu yake. Wengine walisema wameokoka. Wengine walisema Bi Kanga na Kobe hawasemezani. Twiga alisema ni ukomavu wa sanaa, na akalisema neno hilo juu kule kwenye kichwa chake ambako hakuna wa kumbishia. Mnyama aliyetaja meno ya Fisi hakupatikana. Jambo likiwa rahisi sana watu hawaliamini.

Sungura akaona mlango umefunguka. Akaanza kuzunguka kukusanya maoni ya wasikilizaji. Hakuna aliyemtuma, lakini ukimwona mtu anatembea haraka na uso wa kazi unadhani katumwa.

Alianza kwa Simba. Sasa Simba na majivuno yake, hakuwahi kuupenda wimbo mpaka ajue wakubwa wenzake wameupenda, asije akapenda kitu cha ovyo mbele za watu. Na kuuliza hawezi, mfalme haulizi. Sungura alimjua.

"Mzee wangu, shikamoo. Sijui kama zimekufikia," alisema. "Tembo kazisikia nyimbo mpya. Kasema Ukoko wamekwisha."

"Tembo kasema?"

"Na masikio yale, mzee. Mimi nani nimbishie?"

Simba akajikuna shingo, akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi huo.

Kutoka hapo Sungura moja kwa moja kwa Tembo, akamwambia Simba amesema Ukoko wamekwisha. Tembo alikuwa hajasikia hata uzi mmoja wa gambusi. Lakini utakuwaje na masikio kama nyungo mbili halafu useme hujasikia? Akasema ndiyo, amezisikia, zimepooza, siyo Ukoko wale wa zamani. Ukoko wa zamani ulikuwa ukisikiliza vumbi linapanda mpaka kifuani. Akaanza kusimulia ujana wake. Sungura alimwacha katikati ya hadithi, na Tembo hakugundua mpaka jua lilipogeuka.

Twiga alipoambiwa kuwa wakubwa wote wawili wamezikataa, ule ukomavu wa sanaa ukageuka palepale. Akasema kwa kweli zimekosa kina. Nani alimuuliza kina? Na yeye maji yenyewe anayanywa kwa kupanua miguu.

Aliyemsumbua Sungura ni Ngiri. Ngiri ni mshamba, hilo halina siri, anapiga magoti kula majani kama mtu anayetafuta sindano. Shimo lake lilikuwa karibu na pale Ukoko walipofanyia mazoezi, na yeye alikuwa amezisikia nyimbo zote, tena kwa masikio yake.

"Mimi ule wa mwanamke anayepika nimelia," alisema Ngiri.

"Umelia?"

"Nimelia, Sungura, kweli. Nikamkumbuka mama."

Sungura akatazama kushoto na kulia kama mtu anayemfichia mwenzake aibu, akamsogelea. "Ndugu yangu, mimi nakupenda, ndiyo maana nakwambia. Usimwambie mtu. Simba kacheka, Tembo kacheka, Twiga kasema hazina kina. Wewe peke yako ndiye uliyelia. Watasema nini?"

Ngiri wa watu akainamisha pembe zake. Akasema labda lilikuwa vumbi.

Na unajua jambo moja? Sungura mwenyewe kila mazoezi alikuwepo. Anajibanza nyuma ya kichuguu, anasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Alimwambia Fisi kuwa anakwenda kutafuta makosa. Alikwenda leo, akaenda kesho, na keshokutwa akawahi kufika kuliko bendi yenyewe. Makosa gani hayo ya kuyawahia mapema?

Mwezi wa mavuno ukaandama, mavuno yenyewe hayakuwepo. Alasiri wanyama wakakusanyika kisimani, kila mmoja na kibuyu chake amekikumbatia. Simba juu ya jiwe. Tembo na Twiga mbele, mahali pa heshima. Sungura akakaa ubavuni mwa Simba, mikono ameifumbata, pua ameiinua kama mtu aliyepitiwa na harufu. Fisi pembeni yake, anatazama mtungi. Ngiri alikaa nyuma kabisa.

Ukoko wakaingia. Mzee Kobe hakuwa na kitu mikononi, na wengine wakanong'onezana kuwa kweli wamekwisha, mpiga ngoma anakuja kama mgeni wa shughuli. Bi Kanga alikuwa amewaacha vifaranga wake chini ya jiwe, amewaambia wasitoe kichwa. Wakapiga wimbo wa kwanza. Wasikilizaji kimya. Wa pili, kimya. Tembo alikuwa anamtazama Simba. Simba alikuwa anamtazama Tembo. Kila mmoja alikuwa ameguswa mahali, na kila mmoja anasubiri mwenziwe ainuke kwanza. Twiga alikuwa anatazama mbali, ndiyo faida ya shingo.

Mtungi ulikuwa mkavu unapasuka. Nungunungu aliinama akamnong'oneza Bi Kanga kuwa wawapigie moja ya zamani, wasikilizaji wataipenda, bendi itakunywa, na kosa litasamehewa. Bi Kanga akamjibu kuwa desturi ni desturi, na kama ni kufukuzwa afadhali wafukuzwe na wimbo wao. Akaanza ule wa mwanamke anayepika.

*Nimepika cha wawili, ninakula peke yangu,*
*na ukoko wako, bwana, umo chunguni mwangu;*
*ukirudi umechelewa, usibishe, ni kwako.*

Akafika hapo akavuta pumzi. Kobe akamfuata kwa chini, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Ndipo ikasikika. Du. Halafu du, du. Halafu du.

Ngoma. Ndogo, ya mbali, lakini imekaa kwenye wimbo barabara, inaingia pale ambapo Bi Kanga anavuta pumzi. Kobe akatazama mikono yake mwenyewe kuona kama ni yeye. Nungunungu akageuka nyuma. Bi Kanga hakuuliza inatoka wapi. Mwimbaji mzoefu akipewa ngoma haulizi, anaipanda. Akauinua wimbo, na mabega ya watu yakaanza kutikisika yenyewe.

Kule nyuma Ngiri akainuka. Hakumtazama mtu. Alikuja katikati ya wakubwa analia wazi, vumbi lenyewe halikuwepo, akacheza ile ngoma yake ya magoti, akamimina kibuyu chote mtungini. Siyo kidogo kama desturi inavyotaka, chote. Akarudi akakaa.

Du, du. Ngoma inaendelea. Wakaanza kuitafuta. Macho yakazunguka, yakapanda, yakashuka, yakatua kwa Sungura.

Uso wa Sungura ulikuwa uleule, umenuna, pua juu. Lakini mguu wake wa nyuma ulikuwa unapiga ardhi. Alipoona wanamtazama akaukamata kwa mikono miwili, akaukalia. Wa pili ukaanza. Akaukamata huo, wa kwanza ukachomoka. Huku juu anasema kwa sauti kuwa nyimbo hizi hazina maana, huku chini du, du, du, hakosei hata pigo moja.

Bado angeweza kujitetea, Sungura wewe unamjua, angesema ana ganzi. Ila pembeni yake alikuwa amekaa Fisi. Na Fisi aliposikia ngoma, akili yake ilikwenda mahali pamoja tu. Akasimama amekasirika kweli, mate yanamtoka.

"Sungura, kumbe ngoma zilikuwa mbili?" alisema.

Sungura akamwambia akae.

"Sikai. Uliniambia ni moja. Ukaniambia nenda kaile usiku wao wamelala, ina mafuta ndani, Ukoko wakikosa ngoma watafukuzwa, kivuli chetu. Nikala yote, na mafuta sikuyaona. Kumbe nyingine umeificha unaipiga mwenyewe. Haya, iko wapi? Inuka nione."

Gambusi likanyamaza. Hata vifaranga chini ya jiwe walitoa vichwa.

Simba alimgeukia Tembo, akamuuliza taratibu, "Wewe ulisema Ukoko wamekwisha?"

"Mimi nilisema ulivyosema wewe," akasema Tembo.

"Mimi nilisema ulivyosema wewe."

Wakatazamana. Kutazamana kule, mwenzangu, kulikuwa kutamu kuliko wimbo. Twiga alipoona wanaanza kuinua macho kumtafuta, akasema yeye tangu mwanzo alisema ni ukomavu wa sanaa, na wapo waliosikia.

Sasa Simba angefanyaje? Kukiri kuwa kachezewa na kitu chenye masikio ya kukunja, hawezi. Akasimama, akatikisa manyoya, akasema yeye alijua kila kitu tangu siku ya kwanza, alikuwa anawapima tu. Wanyama wote wakaitikia kuwa mzee ana busara. Akashuka mwenyewe kwenye jiwe, akamimina maji yake mtungini, tena kwa mbwembwe, na baada yake Tembo, na baada ya Tembo wote, wakasukumana kama siku ya kugawa nyama. Bi Kanga alichota kwa mdomo bila kungoja kuumalizia wimbo akawapelekea wanawe. Mtungi ukamwagika.

Hukumu ilitoka palepale. Fisi atakuwa wa mwisho kwenye foleni, anakunywa tope, mpaka mvua inyeshe. Hakulalamika sana, aliuliza kama kwenye tope kuna vyura. Na Sungura, kwa kuwa ngoma iliondoka kwa mdomo wake, itarudi kwa mguu wake. Atapigia Ukoko kila wimbo, kila shughuli, pale pale kwenye kivuli alichokitaka, na kutunzwa hatatunzwa. Kibuyu chake atakifuata kwenye foleni kama mshamba yeyote, tena akichechemea.

Basi akapiga. Alipiga siku zote za kiangazi mpaka mguu ukavimba kama muhogo uliolowekwa. Kobe alikaa karibu naye, anamrekebisha kwa upole, anamwambia asikimbilie, wimbo hauendi popote. Na Ngiri alikaa mbele, mahali pa heshima, ingawa alisema huko mbele haoni raha kulia.

Na wasikilizaji je? Wasikilizaji ni walewale. Haikupita muda Sungura akiwa anapiga, jasho linamtoka, akamsikia Tembo anamweleza Twiga kuwa hizi za sasa zenye mguu si mbaya, ila si kama zile za mwanzo. Zile zisizo na ngoma, alisema Tembo, zile ndizo zilikuwa Ukoko wa kweli, na yeye alizipenda kabla ya mtu yeyote. Twiga akasema zilikuwa na kina.

Sungura alitaka kuinuka aseme neno. Mguu haukumruhusu, ulikuwa katikati ya wimbo.

Kikulacho ki nguoni mwako.